Kichwa cha Kamongo Nilichokificha

Nimeacha kazi ya jiko masika haya yalipokwisha, na sikufukuzwa, kama baadhi yenu mlivyokwisha kusambaza. Mgongo ndio uliokataa. Mtu aliyeinama juu ya mafiga tangu ujanani hafiki uzeeni akiwa amenyooka, na mimi siku hizi nikiinama kuokota kijiko nabaki hukohuko chini mpaka apite mtu wa kuninyanyua. Mmeniomba, ninyi mliobaki pale hotelini, niwaandikie kidogo jinsi kazi ilivyokuwa tangu tulipoianza. Nitaandika. Habari za nani alipandishwa cheo hamtazipata, maana katika hoteli ya samaki kuna vyeo viwili tu, anayepika na anayeosha, na mara nyingi ni mtu mmoja.

Nilifika Nyakahanga kabla ya ile vita kubwa ya pili, juu ya lori lililobeba chumvi na samaki wakavu kutoka Bukoba. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Kwetu ni Muleba, kando ya ziwa, na kwa kuwa nilizaliwa nikisikia harufu ya samaki nilijiona mtaalamu. Nilidhani nakwenda kuwafundisha Wanyambo, wenyeji wa huku Karagwe, kula samaki. Siku ya kwanza tu ilitosha kuniondolea wazo hilo.

Hoteli ilikuwa nyumba ya fito na udongo, imeezekwa kwa nyasi, kando ya barabara ya magari, migomba imeizunguka pande tatu. Ndani mlikuwa na meza mbili ndefu na mabenchi manne, moja likiwa na mguu mfupi ambao kila mgeni mpya aliujua kwa kumwagikiwa na mchuzi. Mwenye hoteli alikuwa Ma Paskazia, mjane, Mkatoliki wa Muleba kama mimi. Alikuja Karagwe na marehemu mumewe kuuza samaki wakavu, na mumewe alipofariki akaona ni heri kuwapika kuliko kuwabeba kichwani. Nilimpa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniangalia mikono, kisha akaninusa. Sisemi uongo, alininusa kama mtu anayenunua nyama.

"Unanuka sabuni," akasema. "Itakwisha."

Akanipa kisu na ngege mmoja mkubwa, yule ambaye wengine humwita sato, akasimama kando. Nikaanza kuparua magamba kutoka kichwani kwenda mkiani. Hayakutoka.

"Samaki huparuliwa kutoka mkiani," akasema. "Wewe mtoto wa ziwani hujui hilo?"

"Kwetu kazi hiyo hufanywa na wanawake, waitu," nikasema kwa heshima ya Kihaya.

"Basi leo umekuwa mwanamke. Parua."

Niliparua mpaka jioni, na magamba nikayakuta masikioni siku mbili baadaye.

Samaki wetu walitoka njia mbili. Wakavu na wa moshi walikuja kwa lori la Bukoba, barabara ikiruhusu. Wabichi waliletwa na wachukuzi kwa miguu kutoka mto Kagera na maziwa madogo ya huku kwetu, wamefungwa kwenye majani ya migomba yaliyolowekwa maji, kwa kawaida Jumanne na Jumamosi. Ma Paskazia hakumsikiliza mchukuzi hata mara moja. Alifungua matamvua ya samaki akaangalia wekundu, akabonyeza tumbo kwa kidole gumba akangoja kuona kama shimo litarudi, ndipo akamuuliza mtu habari za nyumbani. Alinifundisha kumsugua kambare kwa majivu mpaka ule ute uishe, kumwosha samaki mkavu kwa maji ya moto mara mbili na kuyamwaga maji ya kwanza mbali na migomba, na kutokoroga kamwe chungu cha samaki kwa mwiko. Samaki hatikiswi, hutikiswa chungu. Mkishika hilo moja katika barua hii yote, nami nitakuwa nimelipwa.

Wageni walikuwa wa kila namna: madereva, watu waliokuwa wakienda migodi ya bati ya Kyerwa au wakirudi kutoka huko wamekonda, makarani na wafanyabiashara wa Bukoba, wauguzi siku za mapumziko, na wakulima wa kahawa baada ya kuuza. Wenye ng'ombe wa zamani hawakuingia ndani. Waliamini mla samaki akinywa maziwa yao ng'ombe ataumwa kiwele, kwa hiyo walikaa nje kwenye gogo, na Ma Paskazia aliwawekea vikombe vya chai vya peke yao ndani ya kikapu kilichoning'inia upande wa pili wa nyumba, vikombe ambavyo havikuwahi kupita karibu na samaki. Nilicheka nilipoviona. Akaniambia, "Cheka. Lakini chai yetu ina maziwa, na maziwa yanatoka kwao."

Sasa nifike kwenye muziro. Kwa mliotoka mbali, niwaeleze: huku kwetu kila ukoo una muziro wake, mnyama au samaki ambaye watu wa ukoo huo hawamli. Mtoto hufuata muziro wa baba, na mke akiolewa huuheshimu muziro wa nyumba aliyoingia. Wako ambao muziro wao ni nyani, na hao jikoni kwetu hawakutusumbua. Lakini wako wengi ambao muziro wao ni kamongo, yule samaki mrefu wa matopeni mwenye nyama ya mafuta. Wazee waliamini kwamba mtu akila muziro wake, hata bila kujua, madhara huwa hayamfuati yeye tu, huifuata nyumba yake na watoto wake. Mnaweza kuamini au msiamini. Jikoni hatukuulizwa kama tunaamini.

Kwa sababu hiyo Ma Paskazia alikuwa na taratibu zake. Mlangoni, juu ya kigogo, aliweka ungo uliotandikwa jani la mgomba, na juu yake kichwa cha kila aina ya samaki aliyekuwamo vyunguni siku hiyo. Mgeni aliangalia vichwa kabla hajakaa. Wengi hawakujua kusoma, lakini hakuna aliyeshindwa kumtambua kamongo kwa sura. Tena kamongo alikuwa na chungu chake, upawa wake na sahani zake zilizotiwa alama ukingoni. Na kabla ya kumuuliza mgeni atakula nini, ulimuuliza hali nini, yaani asichokula. Mpaka leo mnafanya hivyo, na wageni wa kutoka mjini wanawashangaa. Waacheni washangae.

Ndizi tulizipata kwa Ma Kokusima. Alikuwa mjane wa Kinyambo, shamba lake liko mwendo mfupi kutoka barabarani, na hakuna aliyekuwa na ndizi laini kama zake. Alikuja asubuhi mara mbili kwa wiki na mkungu kichwani, na kabla hajautua aliniambia, "Mwana wange, ondoa hilo kapu." Lilikuwa kapu la kamongo. Marehemu mumewe alikuwa wa muziro huo, na ingawa alikuwa amezikwa miaka mingi, mama yule hakukubali hata ndizi za shamba la mumewe zikae karibu na kamongo. Nilipopatwa na homa mwaka wangu wa kwanza ndiye aliyenichukua kwake akaninywesha uji siku nne. Alinifundisha Kinyambo akinicheka, kwa kuwa mimi nilikuwa nasema Kihaya tu nikikipunguza mwendo. Nilimpenda kama mama yangu. Nasema hivyo ili mjue nilichofanya nilikifanya kwa nani.

Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki hai, Mwalimu Elisha, aliyefundisha shule ya misheni kule Kihanga. Kila Jumamosi alikuja kwa baiskeli kumwona mama yake na mkewe. Mkewe alikuwa amekwisha kupoteza mimba mbili, na sasa alikuwa na ya tatu, kwa hiyo walimweka kwa mama mkwe alelewe vizuri. Mwalimu alikuwa mtu safi. Kaptula nyeupe, soksi mpaka magotini, kalamu mfukoni. Alikuwa pia na tabia ya kunisahihisha Kiswahili changu mbele za watu nikiwa nimebeba sahani tatu.

Hakupenda swali letu la muziro. Ma Paskazia alipomuuliza mara ya kwanza alijibu, "Mama, mimi nimebatizwa. Sina muziro."

"Umebatizwa wewe," Ma Paskazia akamwambia. "Tumbo lako limebatizwa lini?" Akampa ngege bila kungoja jibu, naye akala. Hivyo ndivyo mpishi mzima anavyofanya kazi. Mimi sikuwa mpishi mzima.

Mwaka mmoja, kiangazi, Ma Paskazia alipata habari kwamba kaka yake amefariki huko Muleba. Akaenda mazikoni, akakaa wiki tano kwa mambo ya ukoo, hoteli akaniachia mimi. Jumamosi ya kwanza Mwalimu Elisha akaingia, meza zimejaa makarani na madereva. Nikamuuliza, kama ilivyo desturi, "Mwalimu, huli nini?"

Akaweka kofia yake mezani. "Theonest, unajua kusoma?"

"Kidogo, Mwalimu."

"Basi zidisha kusoma, upunguze kuwauliza watu mizimu yao mezani. Mtu aliyesoma hana muziro. Lete samaki, yeyote, mradi mzuri."

Watu wakacheka. Karani mmoja akanipigia makofi. Nikaenda jikoni uso umeniwaka, nikasimama mbele ya vyungu viwili, cha kambare na cha kamongo. Nilijua muziro wake vizuri kama nilivyojua jina langu. Nikachukua upawa wa kamongo, nikampakulia, na kwenye sahani isiyo na alama.

Kisha nilifanya la pili, na hilo la pili ndilo baya zaidi. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka, nikakiondoa kichwa cha kamongo kwenye ungo kabla Mwalimu hajatoka, nikakichimbia migombani na kukifunika majani. Sahani peke yake ningeweza kuiita makosa ya mpishi mwenye haraka. Kichwa kile nilikificha kwa mikono yangu, nikiwa na akili timamu.

Mwalimu alikula akamaliza, akalamba vidole, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. "Samaki gani huyu?" akauliza.

"Kambare, Mwalimu."

"Kambare wa wapi mwenye mafuta hivi?"

"Wa Kagera."

Jumamosi iliyofuata, kichwa nikiwa nimekwisha kukichimbia tena, alirudi akitaka kambare wa mafuta. Nikampa. Na nyingine tena. Kamongo alipatikana sana kiangazi kile, kana kwamba matope yote yalikuwa yameamua kunisaidia. Mara ya kwanza nilirudi jikoni nikacheka peke yangu mpaka nikajishika mbavu. Mara ya pili nilicheka kidogo. Mara ya tatu Ma Kokusima alikuwa ameleta ndizi asubuhi ileile, akaniambia mkwewe sasa mimba imekaa vizuri, mtoto anacheza, na kwamba nyumbani wanashika miiko yote safari hii, hata ile waliyokuwa wamekwisha kuisahau. "Nimechoka kuzika, mwana wange," akasema. Mchana mwanawe akaja, nikampa kamongo. Kwa nini sikuacha? Nimejiuliza sana. Ningemwambia kambare wa mafuta hayupo, angeuliza kwa nini, na mimi nilikuwa mwoga wa swali dogo kama hilo. Nilimlisha mara tano.

Ma Paskazia alirudi siku ya Jumatano. Hakuwa amekaa hata saa moja mbwa wa jirani akapita uani na kitu mdomoni. Kichwa cha kamongo kina mfupa mgumu, hakiozi upesi. Ma Paskazia akaenda migombani na jembe, akarudi na vichwa vinne, cha tano akamnyang'anya mbwa, akavipanga mezani mbele yangu. Nikamweleza yote, nikilia, na sioni haya kusema kwamba nililia.

"Angekula mwenyewe akijua," akasema nilipomaliza, "ingekuwa shauri lake na Mungu wake. Wewe ulimwamulia." Akavisukuma vichwa kando. "Utakwenda kumwambia. Kabla mtoto hajazaliwa."

"Kwa nini kabla, Ma? Tungoje ajifungue salama."

"Ukingoja azaliwe mzima, utasema jambo lenyewe halikuwa na maana. Ukingoja afe, hutathubutu."

Nilitembea kwenda Kihanga Ijumaa. Ni mwendo mrefu kwa mguu, na mimi niliurefusha kwa kusimama kila penye maji. Nilimkuta darasani, watoto wakiimba hesabu. Akatoka, chaki mikononi, tukasimama kwenye kona ya nyumba ya shule. Nilimwambia kwa ufupi: yule samaki hakuwa kambare, alikuwa kamongo, nilijua, nilifanya kwa hasira, nikakificha kichwa.

Alicheka kidogo. "Umetembea mpaka hapa kwa ajili ya hilo? Nilikwisha kukuambia, mimi sina muziro."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mara ngapi?"

"Mara tano."

Akaanza kujifuta chaki mikononi. Aliendelea kujifuta ingawa mikono ilikuwa imekwisha kuwa safi. Kisha akaniambia nimngoje, akaenda nyuma ya stoo ya majembe, nikamsikia akitapika. Alikaa huko kitambo. Aliporudi alikuwa amejifuta uso kwa leso.

"Ni jua," akasema.

"Jua kali, Mwalimu," nikasema. Siku ile kulikuwa na mawingu tangu asubuhi.

Tukasimama. Ndani watoto walikuwa wamefika saba mara nane na wameshindwa kupita. "Mama yangu anajua?" akauliza.

"Bado."

"Nitamwambia mimi. Kesho. Hawa watoto nawapiga wakisema uongo, nami nimfiche mama yangu?" Akageuka mlangoni akaongeza, bila kunitazama, "Mke wangu asijue mpaka ajifungue. Mtu asimwambie." Sikupata usingizi siku kadhaa baada ya hapo, nikifikiria jinsi mtu aliyekuwa akinisahihisha Kiswahili mbele za watu alivyosema maneno yale, polepole kama mtu anayeomba.

Jumanne Ma Kokusima hakuleta ndizi, wala Jumamosi. Tulinunua kwa watu wengine, ndizi ngumu, wageni wakalalamika. Nilimwambia Ma Paskazia anifukuze. Akasema kunifukuza ni kunipa njia ya kukimbia, nami sikustahili njia yoyote. Kamongo hakupikwa. Kila mpita njia aliyetoka upande wa shamba la Ma Kokusima nilimtazama usoni, nione kama kuna habari ya msiba. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Niliomba Mungu kwa maneno ambayo padre asingeyakubali. Nilimwambia kama lazima amchukue mtu, anichukue mimi, kisha nikaogopa asije akakubali.

Wiki ya tatu, asubuhi, nilikuwa naparua ngege mlangoni. Nikamwona Ma Kokusima anakuja, mkungu kichwani. Nikamtazama uso, sikuona kitu. Wazee wale walijua kufunga uso kama mlango. Nikapiga magoti, magamba yakiwa mikononi.

"Ma, mtoto?"

Akatua mkungu kwanza. Mwenyewe. Hakuniambia niondoe kapu, na kapu halikuwapo.

"Mtoto mzima. Wa kike. Analia kama anagombania urithi."

Nikaanza kusema nisamehe. Akanikataza kwa mkono.

"Usiniombe msamaha, sijawa nao bado. Kaa chini nikuambie." Nikakaa chini, palepale kwenye magamba. "Wiki tatu nimelala chumba kimoja na mke wa mwanangu. Nimempikia, nimemkanda mgongo, sikumwambia neno. Kila tumbo lilipomshika nilikuona wewe na sahani yako. Mtoto angekufa, Elisha angesema ni mapenzi ya Mungu. Mimi ningesema ni wewe. Nisingemsamehe Elisha kwa kula, na yeye asingenisamehe kwa kuamini. Tungekaa nyumba moja mpaka kaburini hatuna la kuzungumza. Nami nina yeye tu, naye ana mimi tu." Alisema yote haya kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza njia ya kwenda kisimani. "Ulitaka kumchekesha nani?"

Nilikuwa nimejichekesha mwenyewe, jikoni, peke yangu.

"Utakuwa mpishi mkubwa," akasema. "Mikono yako mizuri, naona. Watu watakuja kujifunza kwako. Kila atakayekuja, usimwambie habari za ungo na sahani tu. Mwambie wewe ulifanya nini. Wakishajua wote, njoo kwangu, nitakupa huo msamaha."

Akachukua kikapu chake akaondoka. Ma Paskazia alikuwa amesimama ndani ya mlango, amesikia yote. Akaniambia samaki anakauka.

Mwalimu Elisha alinisamehe mapema, Kilutheri, kwa sala fupi na kushikana mkono. Aliendelea kuja Jumamosi. Sijui aliacha lini kuniambia kwamba hana muziro, lakini tangu hapo alisimama mbele ya ungo akavisoma vichwa kimoja kimoja, akaingia, akaagiza ngege. Mimi nilimuuliza hali nini kama kawaida, naye akajibu kwa adabu, na hakunisahihisha Kiswahili tena, jambo ambalo ninavyoona si faida kwangu.

Vita ikaja na kupita. Lori likawa haliji miezi mingi, tukaishi kwa samaki wa mito na furu wadogo, tukajifunza kuwapika kwa karanga, chakula ambacho leo mnakisifu kana kwamba kilibuniwa kwa raha. Ma Paskazia alizeeka, macho yakaingia ukungu, akawa anajua samaki kwa kugusa tu, na hata hivyo alitushinda. Alipofariki tulimzika hapahapa Karagwe. Mwanawe mmoja, aliyebaki Muleba, akaniachia jiko niliongoze, nami nikafuata taratibu zake zote. Nimefundisha wapishi kumi na mmoja, ninyi mkiwamo. Mliniuliza, kila mmoja kwa zamu yake, kwa nini vichwa, kwa nini sahani zenye alama, kwa nini kumuuliza mtu hali nini kabla ya kumuuliza anakula nini. Niliwajibu wote jambo lilelile: ni desturi ya nyumba.

Ma Kokusima hakuacha kuleta ndizi. Alitua mkungu, akajishika kiuno, akauliza, "Umekwisha kuwaambia?"

"Bado, Ma."

"Basi kata ndizi."

Hakunikasirikia wala hakurudia. Aliuliza kama mtu anavyoulizia mvua. Na mimi kila mwaka nilikuwa na sababu. Huyu bado mgeni, hajanizoea. Yule ananiheshimu mno, nitamvunja moyo. Wengine wana mdomo, wataeneza barabara nzima mpaka Kyaka. Ukweli ni kwamba nilipenda jinsi mlivyonitazama nikibonyeza tumbo la samaki, na sikutaka mnitazame vinginevyo.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna kahawa, miguu yake ilikataa, akawa haji tena. Nilipeleka salamu, na samaki wa ngege, naye akaniletea swali lake kwa mdomo wa mjukuu wake, yule aliyezaliwa wiki ile, msichana mkubwa sasa ambaye hajui kwa nini bibi yake anamtuma kuuliza jambo kama hilo. Nikamwambia amwambie: nikistaafu, nitaandika. Akarudi na jibu kwamba bibi amesikia, na kwamba nisikawie.

Nilikawia. Tulimzika kabla mvua hazijaanza. Nilisimama nyuma kabisa, Mwalimu Elisha akanifuata akanivuta mbele, akaniweka karibu na ukoo, nikatupa udongo wangu pamoja nao.

Sasa nimewaambia, wote kumi na mmoja. Nimefanya kama alivyotaka Ma Kokusima, na hakuna tena mtu wa kumwendea anipe huo msamaha.